Kilo Kumi na Tisa

Ijumaa, tarehe 16 Januari 2026. Asubuhi ilinyesha mvua ya barafu hapa Takoma Park, ile mvua usiyoiona mpaka uikanyage. Matawi ya mti ulio mbele ya jengo letu yalikuwa yamevikwa kioo, na kila upepo ulipopita yaligongana kama vijiko ndani ya droo. Nilimaliza sala yangu pale dirishani. Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya mfungo wetu wa siku ishirini na moja, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze sikuwa nimemwambia Mungu kitu chochote cha kweli.

Mjukuu wangu Penda alitoka chumbani akiwa na soksi mguu mmoja. Ana miaka sita. Alikuja mpaka mezani akishika ukuta, na mguu wa kushoto aliuburuta kidogo, kama mtu anayevuta kiti.

"Penda, mguu una nini?"

"Hauna kitu, Bibi," alinijibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini mdomoni mwake hakipandi.

Mama yake, binti yangu Anitha, alikuwa anamwagia mtoto maziwa kwenye bakuli. Hakuinua kichwa.

"Mama, usimuulize."

"Anachechemea."

"Hachechemei. Anatembea. Hilo jambo tumelikataa jana, na wewe ulisema amina."

Ni kweli, nilisema. Jana jioni vifaa vya safari vilipoletwa, Penda alivaa vile viatu vigumu kama ndoo, akasimama juu ya ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwenye zulia la ukumbini na kupiga kelele kwamba yeye ni bingwa. Kisha akaanguka kwa ubavu. Mwili ulikwenda kulia, ski ya kushoto ikabaki ilipo, na mguu ukabaki nayo. Hakulia mara moja. Alifungua mdomo kwanza, akanitazama mimi. Tulihangaika na kile chuma kinachobana kiatu kwenye ski mpaka Anitha alipokumbuka mahali pa kukanyaga ili kifunguke. Tukaomba, tukakataa maumivu, na mtoto akalala.

Sasa ilikuwa imebaki siku moja. Kesho saa kumi na moja alfajiri basi lingetupeleka mlimani Pennsylvania, watoto kumi na mmoja na watu wazima wanane wa kanisa letu. Kati yetu wote hakuna aliyewahi kusimama juu ya ski. Na karatasi zilizopeleka miguu ya wale watoto ndani ya vile vyuma niliziandika mimi.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Anitha. Novemba iliyopita mwalimu wa Penda aliwauliza watoto wasimulie walichofanya likizo ya baridi ya mwaka uliotangulia. Mmoja alikwenda kuteleza kwenye theluji, na wa pili, na wa tatu. Penda alisema alikwenda kufua nguo na bibi yake. Darasa zima lilicheka. Anitha alisimulia hayo jikoni huku anakata vitunguu, na machozi hayakuwa ya vitunguu. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema, watoto wetu nao ni watoto wa nchi hii. Watu wakapiga makofi. Akafanywa mwenyekiti wa kamati.

Alipanga vizuri, siwezi kumsema vibaya. Alichagua mlima mdogo, akawawekea watoto nafasi kwenye somo la wanaoanza, akakusanya makoti ya kuazima na glovu pea mbili kwa kila mtoto. Vifaa tungekodi kwenye duka moja la Manassas, karibu na anakofanya kazi Laurean, fundi wa magari wa kanisa letu, naye angevileta kwa pikapu yake. Duka lilitaka fomu zijazwe mapema.

"Mama atajaza," Anitha aliwaambia watu. "Mama anasoma."

Mimi niliacha shule darasa la nne, kule Tarime, nikalea wadogo zangu. Nina miaka hamsini na nane. Huu ni mwaka wa pili nasoma masomo ya jioni pale Columbia Heights, Jumanne na Alhamisi, baada ya kazi yangu ya kumhudumia mama mmoja mzee. Hakuna siku katika maisha yangu watu waliwahi kuniita mbele na kunipa kalamu. Siku hiyo nilivaa miwani yangu, nikakaa kwenye meza ya sadaka, na watu wazima wakapanga foleni mbele yangu.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mfungo. Mchungaji wetu Sebastian, ambaye siku za kazi ni dereva wa basi, alikuwa ametupa neno la mwaka: kinywa kisikiri udhaifu. Usiseme nimechoka, usiseme naogopa, usiseme sina. Tulilipokea neno hilo kwa vigelegele.

Fomu iliuliza jina, umri, urefu, uzito, na daraja la mtelezaji: la kwanza, la pili au la tatu.

"La kwanza ni la nani?" aliuliza Kiprotich, Mkenya wa Eldoret, ambaye mwanawe Kimutai ana miaka minane.

Anitha alisoma juu ya bega langu. "La watu wenye tahadhari. Wanaotaka mwendo wa polepole."

"Yaani waoga," Kiprotich akasema. "Mimi mtoto wangu si mwoga. Huyo ni Mkalenjin, atakimbia hata kwa hiyo barafu."

Watu wakacheka.

"Mwezi huu hatukiri uoga," Anitha alisema. "Mama, andika tatu."

"Kwa wote?"

"Kwa wote. Kwa imani."

Nikaandika tatu. Kwenye uzito, kila mzazi aliongeza kidogo. Nilikuwa nawaelewa. Zamani kliniki, mama ambaye mtoto wake alikuwa mwepesi aliificha kadi ndani ya khanga. Hakuna aliyetaka namba ndogo isomwe kando ya jina la mwanawe. Mke wa Kiprotich alisema paundi themanini, halafu akasema tisini, kwa sababu mtoto anakula vizuri. Kwa Penda, Anitha alisema sitini. Nilijua Penda hana paundi sitini. Mimi ndiye ninayembeba anaposinzia kwenye treni. Lakini mwandiko wangu ulikuwa unakwenda vizuri, herufi zote zikikaa juu ya mstari, na sikutaka kusimama. Mwishoni wazazi walitia saini, Mchungaji akaweka mikono juu ya zile karatasi, akaziombea.

Jumanne mwalimu wetu Hodari alitutaka kila mmoja alete karatasi yoyote aliyoishughulikia, aisome darasani. Hodari ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, na hukitumia na sisi tunapokwama. Nilibeba nakala ya fomu ya Penda. Niliisoma yote bila kukosea, nikaketi.

"Na nyuma, Mama Ghati," alisema. "Karatasi ina pande mbili."

Sikuwa nimeigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo. Nilisoma neno moja moja, na neno moja halikunijia. Hodari alitoa funguo mfukoni, akazishika kwa nguvu, kisha akafungua mkono zikaanguka mezani.

"Kuachia," alisema. "Ukianguka, kile chuma kinaachia kiatu. Mguu unatoka. Kisipoachia, ski inageuka, na mguu unageuka nayo."

"Na daraja la tatu?"

Akaisoma sehemu ile mwenyewe, polepole. "Kinakazwa zaidi. Wanasema mtu wa daraja la tatu amekubali hatari ya kuumia ili ski isimtoke akiwa kwenye kasi."

"Na uzito ukiongezwa?"

"Kinakazwa tena, juu ya pale." Akanitazama. "Mama, fomu hii aliijaza nani?"

"Watu fulani," nikasema.

Nilibadilisha treni kituo cha Fort Totten bila kujua nimebadilisha. Nilikaa nimeikunja ile karatasi ndani ya mfuko wa koti, na nilihisi kama nimebeba kitu kilicho hai.

Nilinyamaza siku tatu, na nitasema kwa nini. Mwaka jana wakati wa baridi nilimwambia Kiprotich, mbele ya watu, kwamba tairi za gari lake sizipendi. Wiki hiyohiyo gari liliteleza likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Lakini watu waliniambia, si kwa ubaya, "Mama Anitha, kinywa chako." Kiprotich hunitania mpaka leo; akiniona karibu na gari lake huifunika boneti kwa kofia yake. Mimi hucheka naye. Nikifika nyumbani humwuliza Mungu kama ni kweli kwamba nikitaja jambo ndipo linapotokea. Kwa hiyo Jumatano niliomba bila kutaja. Alhamisi niliomba bila kutaja, na jioni Penda akaanguka kwenye zulia.

Leo saa tisa na nusu alasiri tulikutana kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kila familia na vifaa vyake, kwa maombi ya safari. Mvua ya barafu ilikuwa imegeuka theluji. Kupitia vile vidirisha vya juu tuliona miguu tu ya wapita njia, na kila aliyepita alipita kwa hadhari, akipima kwanza. Ski zilikuwa zimesimamishwa ukutani, za watu wazima nyuma, za watoto mbele, kila moja na karatasi ya jina. Kumi na moja zile ndogo. Sikuweza kuzitazama zote kwa pamoja.

Watoto walikuwa wanakimbia kati ya viti. Penda alikuwa amekaa.

"Kabla ya kuomba, kuna mwenye ushuhuda?" Mchungaji Sebastian aliuliza.

Nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Sina ushuhuda. Nina kosa."

Anitha aligeuka polepole kwenye kiti cha mbele. Nikatoa ile karatasi, nikaigeuza upande wa nyuma, nikasoma. Nilisoma kwa Kiingereza kwanza, kisha nikawaeleza kwa Kiswahili, kama Hodari alivyonieleza, pamoja na funguo. Niliziangusha zangu sakafuni.

"Haya, Mama," Kiprotich alisema, akijaribu kucheka. "Sasa na hii nayo? Ukiongelea gari inaenda mtaro. Tafadhali usiongelee miguu ya watoto!"

Wachache wakacheka. Anitha hakucheka.

"Mama, kaa chini," alisema. "Tuko kwenye mfungo. Usilete hofu hapa."

"Sileti hofu, mwanangu. Ninasoma kilichoandikwa."

"Sisi tumeshaandika chetu."

"Niliandika mimi," nikasema. "Na nilijua si kweli."

Mchungaji alikuwa bado amesimama na Biblia yake imefungwa. Yeye si mtu wa haraka. Akamgeukia Laurean. "Fundi, wewe unajua vyuma. Anachosema Mama ni kitu au si kitu?"

Laurean ni Mhaya, mfupi, mwenye viganja kama koleo. Jumapili ile ya fomu alikuwa kazini, hivyo fomu ya mwanawe Fidelis aliijaza mwenyewe pale dukani. "Mimi niliandika daraja la kwanza," alisema. "Mtoto ni mwoga kama baba yake. Na kilo zake niliziandika kama zilivyo. Hebu tuone."

Akalaza ski ya Fidelis sakafuni, akafunga kiatu ndani yake, akapiga goti juu ya ski na kukishika kiatu kwa mikono miwili. Akakisokota. Kikaachia mara moja, *tak*, kikamtoka mkononi. Watoto wakashangilia.

Kisha akachukua ya Penda. Viatu vya watoto hawa wawili vinalingana. Wamepishana mwaka mmoja tu. Akafunga, akapiga goti, akasokota. Hakuna. Akabadilisha mkono, akasokota tena. Mishipa ilimtoka shingoni, na mkia wa ski ukainuka sakafuni pamoja naye. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kufungua nati zilizoshikwa na kutu. Mwishowe aliacha, akakaa chini akihema, akatazama namba iliyo kwenye kile chuma.

"Ya Fidelis imewekwa moja na robo," alisema. "Hii ni tatu."

Hakuna aliyesema amina.

"Laurean," Mchungaji alisema, "sema wazi."

"Mchungaji, mguu wa mtoto ungeachia kabla ya hiki chuma."

Mke wa Kiprotich akamvuta Kimutai, akamkumbatia kwa nyuma, mikono yote miwili kifuani pake. Kiprotich hakuwa na utani tena. "Na hii inaweza rekebishwa?" aliuliza.

"Duka linafungwa saa moja. Tukitoka hapa kabla ya saa kumi na moja, kwa theluji hii, labda tutafika. Lakini wanataka uzito wa kweli, na saini mpya ya kila mzazi. Bila saini ya mzazi hawagusi."

"Uzito tutaupata wapi saa hizi?"

Laurean alitoka nje kwenye pikapu, akarudi na theluji mabegani na ile mizani ya kupimia mabegi, yenye ndoano. Nani kati yetu hana mizani hiyo? Juzi alikuwa amemsindikiza shemeji yake uwanja wa ndege. Akaitundika kwenye bomba nene lililo darini, akining'inia mwenyewe kwanza kulijaribu. Nikavua khanga niliyojifunga kichwani, nikaifunga pembe nne, tukaitia kwenye ndoano. Ilikuwa kliniki kabisa.

Watoto waliipenda. Walipanga mstari wakisukumana. Kimutai alipoinuliwa, Kiprotich alisoma namba, akapangusa jasho. "Ishirini na saba. Anazidi begi la ndege kwa kilo nne, huyu analipishwa faini." Lakini aliisoma tena ile namba, kwa kuwa kilo ishirini na saba si paundi tisini wala hazikaribii. Mimi nilikaa mezani na kalamu na fomu tupu zilizobaki. Nilibadilisha kilo kuwa paundi, nikihakiki hesabu mara mbili kwa kila mtoto, nikaandika. Kwenye daraja niliuliza kila mzazi kwa sauti, na kila mzazi alijibu kwa sauti: la kwanza. Wengine walijibu wakiangalia chini. Mchungaji Sebastian alikuja mwisho wa watu wazima.

"Niandike daraja la kwanza," alisema. "Hata barafu ya kwenye ngazi ya nyumba yangu naiogopa."

Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Karatasi zote zilikuwa na saini isipokuwa moja.

Anitha hakuwa amekuja mezani. Alikuwa amechukua ski za Penda kutoka sakafuni, akazilaza magotini, akazishika kama mtu anayeshika mtoto wa mtu mwingine.

"Anitha," nikasema.

"Mimi nilikiri, Mama. Nikiondoa neno langu leo, nitasimama juu ya nini kesho?"

Wakati huo Penda alishuka kwenye kiti chake. Alikuwa ameona wenzake wakibembea kwenye khanga, naye alitaka zamu yake. Alivuka ukumbi. Ni hatua labda kumi na tano. Alishika kiti cha kwanza, akaburuta mguu, akashika kiti cha pili. Watu wote walimtazama, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu hatua zake.

"Dada Anitha," Kiprotich alisema taratibu, "huyo mtoto anachechemea."

"Hachechemei," Anitha alisema.

Laurean akamwinua Penda, akamweka ndani ya khanga. Mizani ililia mlio wake mdogo. Akaisoma mara mbili.

"Kilo kumi na tisa."

Paundi arobaini na mbili. Niliandika, nikainuka, nikampelekea binti yangu karatasi na kalamu. Hakupokea. Macho yake yalikuwa kwenye goti la Penda, ambalo khanga ilikuwa imelifunua, na sasa hata kutoka pale lilionekana limevimba kuliko lenzake. Aliliona. Najua aliliona. Akasimama na ski kwapani.

"Kesho saa kumi na moja tutapanda basi," alisema. "Kama tulivyoandikwa."

Juu yetu gari la kuondoa theluji lilipita barabarani, na ukumbi mzima ukatetemeka. Laurean alikuwa ameanza kubeba zile ski nyingine kwenda kwenye pikapu, mbili mbili. Nikamtoa Penda kwenye mizani. Alinishika shingo, mwepesi kama nilivyojua siku zote kuwa ni mwepesi. Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango, mbele ya binti yangu, na nikainua mkono ulioshika kalamu ili wote wauone.

"Mchungaji, Kiprotich, Laurean, nyote mlio hapa, mnishuhudie. Mimi, Ghati Marwa, ninaahidi mbele za Mungu na mbele yenu. Sasa hivi nampeleka mtoto huyu kwa daktari, na nitamtajia daktari kila kitu kwa jina lake. Na kesho saa kumi na moja nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya lile basi. Ski ya mtoto ambaye uzito wake haukuandikwa kweli haitapita. Anitha, mwanangu, hata ukinikanyaga, hiyo uliyoshika haitapita."